Luigi Broglio, Mtaliani wa Ungwana aliyezijua dakika za anga

Mwezi wa Ramadhani sisi watu wa pwani tunaoishi huku Sotik hupata mtihani mdogo ambao ndugu zetu wa Malindi hawaujui. Jua likizama kwao, simu hulia. Wao wamekwisha kufungua, tende imo kinywani, nao wataka kutujulia hali. Sisi huku juu, katikati ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet, jua bado twaliona juu ya vilima, na hapana budi kungoja dakika 20 nyingine. Si kwamba muadhini wa huku ni mvivu. Malindi iko kwenye digrii 40 za mashariki na Sotik iko kwenye digrii 35, na dunia huzunguka digrii 15 kwa saa moja. Tofauti ya digrii 5 ni thuluthi ya saa. Kila mwenye kalenda ya swala ukutani anaitumia hesabu hii, hata kama hajapata kuifanya mwenyewe.

Nimeanza na dakika hizo 20 kwa sababu mtu nitakayemsimulia leo aliijenga kazi ya maisha yake juu ya hesabu hiyo hiyo. Sisi tuliokulia Mambrui na vijiji vya jirani tulilijua jina la San Marco tangu utotoni, kwa kuwa yale majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini upande wa Ngomeni hayakuwa siri kwa mvuvi yeyote. Mwenye majukwaa hatukumjua. Wengi walisema tu kuwa ni mambo ya Wataliani, wakaendelea na shughuli zao. Basi leo na tumjue.

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio barani mkabala wa Venice. Venice, kwa asiyejua, ni mji uliojengwa juu ya maji, na Wakristo wa huko humhesabu Mtakatifu Marko kuwa ndiye mlinzi wao. Ndiyo asili ya jina San Marco, ambalo sisi tumelizoea kana kwamba ni jina la mtaa wetu. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, akahitimu mwaka 1934, kisha akaingia katika jeshi la anga upande wa wahandisi. Maisha yake yote aliyafuata mambo hayo mawili pamoja, sare na ubao wa chaki. Jeshini alipanda mpaka akawa jenerali. Chuoni alikabidhiwa mwaka 1952 uongozi wa skuli ya uhandisi wa ndege, akiushika kutoka kwa mzee Gaetano Arturo Crocco, ambaye alikuwa mmoja wa Wataliani wa mwanzo kufikiri kwa hesabu juu ya safari za anga za juu.

Italia ya wakati huo ilikuwa nchi iliyoshindwa vita na kubomoka. Haikuwa na fedha za kushindana na Marekani wala Urusi. Broglio alianza kwa udogo. Katika kisiwa cha Sardinia jeshi la anga lilikuwa na uwanja wa majaribio, na hapo, mwaka 1961, yeye na wenzake walirusha roketi ndogo zilizomwaga mawingu ya sodiamu juu sana, wakayapiga picha ili waone upepo wa huko unakwenda wapi. Naomba msomaji aukumbuke upepo huo, kwa maana hakuuacha mpaka alipozeeka.

Mwaka huo huo wa 1961, akisaidiwa na mwanafizikia Edoardo Amaldi, alifikisha shauri lake mbele ya waziri mkuu Amintore Fanfani, nayo serikali ikalikubali. Shauri lenyewe lilikuwa la ajabu kidogo. Italia itengeneze setilaiti yake. Roketi inunuliwe Marekani, aina ya Scout, roketi nyembamba ya daraja nne, urefu yapata mita 22, inayochoma baruti ngumu na si mafuta ya maji. Waitaliani wenyewe wajifunze kuirusha. Na mahali pa kurushia pasiwe Italia wala Marekani, bali baharini, kwenye Ikweta.

Kwa nini Ikweta? Hapa ndipo penye kiini cha mambo, nami nitakaa hapo kidogo.

Sababu ya kwanza ni mwendo. Dunia inapozunguka, mtu aliyesimama kwenye Ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 kwa saa, naye hahisi kitu. Aliyesimama Cape Canaveral, Marekani, anabebwa kilomita 1,470 hivi. Wa Baikonur, walikorushia Warusi, kama 1,160 tu. Roketi inayoelekea mashariki huanza safari na mwendo huo mkononi, bure, kabla ya kuchoma hata chembe ya baruti. Kwa nchi tajiri tofauti hiyo ni faida ndogo. Kwa nchi yenye roketi ndogo ya kununua, hiyo ndiyo tofauti ya kufika na kutofika. Tena mashariki ya Ungwana ni Bahari ya Hindi tupu, na vipande vya roketi vikidondoka havimkuti mtu.

Sababu ya pili ni wakati, nayo watu huisahau. Setilaiti inapozunguka, njia yake hubaki palepale angani kama pete isiyotikisika, na dunia ndiyo inayogeuka chini yake. Ikiwa pete ile imelala kwa mshazari, uwanja wa kurushia hupita chini yake mara mbili tu kwa siku, kisha unabebwa na dunia ukaenda zako. Ukichelewa dakika 4, umeshasogezwa digrii moja, ambayo kwenye Ikweta ni kilomita 111. Lakini pete ikiwa imelala juu ya Ikweta yenyewe, na uwanja nao uko kwenye Ikweta, basi uwanja hautoki chini ya pete asilani. Saa yoyote ya mchana au usiku, njia iko juu ya kichwa chako.

Jambo hili mimi sikulielewa barabara kwa kusoma vitabu. Nililielewa kwa kumtazama mjukuu wangu, hapa hapa Sotik, jioni ambapo mvua ya chai imekatika na umeme haujakatika. Anacho katika kompyuta yake mchezo uitwao Kerbal Space Program, uliotungwa Mexico na kutoka mara ya kwanza mwaka 2011. Ndani yake kuna sayari ndogo ya kubuni, nusu kipenyo chake kilomita 600, siku yake saa 6, na uwanja wa kurushia roketi umewekwa juu ya Ikweta ya sayari hiyo. Kazi aliyojipa kijana ni kurusha chombo kikakutane na kingine kilichotangulia kuzunguka, tena kwa kwenda moja kwa moja, bila ya kuzunguka mara tano sita kwanza.

Niliketi nyuma yake nikiwa na kikombe changu cha chai. Chombo cha kwanza kilikuwa kikizunguka kwa nusu saa na ushei. Nilidhani angefyatua roketi chombo kitakapofika juu ya uwanja, kama mtu anayemrukia mwenzake. Kumbe sivyo. Roketi inaanza ikiwa imesimama, na chombo cha juu tayari kinakimbia mbio kubwa. Ukisubiri kifike kichwani, utakapopanda juu kitakuwa kimekwenda mbali. Hapana budi ufyatue kingali magharibi, kabla hakijafika, ili mwendo wako unapokamilika ndipo nacho kiwe kinakupita ubavuni. Ni kama yule dada wa shamba la jirani anayelijua lori la majani: hangoji alisikie likipiga honi kituoni, hujitwika gunia lake lingali kwenye kona ya bonde, kwa sababu anajua hatua zake ni ngapi mpaka kwenye mizani. Majani yaliyochumwa asubuhi, mawili na chipukizi lake, yasipopanda lori yakafika kiwandani siku ile ile huanza kupata moto na kuharibika, na hapo kazi ya mikono yake imepotea.

Ukikosea je? Mjukuu wangu alinionyesha, nami nilicheka. Kama umebaki nyuma, usikanyage mafuta. Ukiongeza mwendo unapanda juu, na walio juu huzunguka polepole, kwa hiyo utazidi kuachwa. Yakupasa ushuke, upunguze mwendo, uangukie njia ya chini iliyo fupi, uzunguke upesi zaidi, kisha upande umkute mwenzio. Anayetaka kuwahi anashika breki. Nimeendesha gari miaka mingi katika barabara hizi za Kericho na Kisii, na kichwa changu hakikubali, lakini hesabu haina makosa.

Wanadamu waliifanya kazi hiyo kwa kweli katika miaka ile ile Broglio alipokuwa akijenga Ungwana. Tarehe 12 Septemba 1966 Wamarekani Charles Conrad na Richard Gordon walirushwa ndani ya Gemini 11 kukifuata chombo cha Agena kilichotangulia kama saa moja na nusu tu. Walitakiwa wakikamate katika mzunguko wa kwanza, na kwa ajili hiyo nafasi ya kuondoka ilikuwa sekunde 2. Chombo kinachozunguka karibu na dunia hukata zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde moja. Sekunde 2 ni kama kutoka Malindi mjini mpaka Mambrui. Waliondoka ndani ya nafasi yao, na baada ya saa moja na dakika 34 vyombo vilikuwa vimeshikana. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Oktoba 1967, Warusi walirusha Kosmos 188 kwa hesabu nzuri hivi kwamba ilipofika juu ilijikuta kilomita 24 tu kutoka kwa Kosmos 186, na vyombo hivyo vikashikana vyenyewe, hamna mtu ndani.

Sasa tupige hesabu ya Ungwana. Setilaiti inayozunguka juu ya Ikweta kwa dakika 96 hivi hurudi juu ya Ngomeni kila baada ya dakika 103 hivi, kwa sababu Ngomeni nayo imesogea kidogo mashariki. Hiyo ni mara 14 kwa siku. Aliyekosa nafasi ya Cape alikosa mpaka kesho, pengine na zaidi. Wa Ikweta angengoja saa moja na dakika 43 tu, ajaribu tena. Nisizidishe chumvi: Ngomeni haiko juu ya mstari wenyewe, iko karibu digrii 3 kusini, na hizo digrii 3 ni deni ambalo roketi ingelilipa njiani. Wala Broglio hakupata kukutanisha vyombo viwili angani. Scout yake haikuwa na uwezo huo. Baruti ngumu ikishawashwa haizimwi wala haipunguzwi, na kila kitu yapasa kiwe kimehesabiwa kabla ya moto. Ila alichagua mahali ambapo anga haimngojeshi mtu, naye alichagua kwa kujua.

Turudi kwenye kisa. Jukwaa la kwanza liliitwa Santa Rita, jukwaa la pembe tatu ambalo hapo zamani lilikuwa mali ya shirika la mafuta la Italia, ENI, la kuchimbia mafuta baharini. Lilisimamishwa katika Ghuba ya Ungwana, na mwaka 1964 roketi ndogo za uchunguzi zikarushwa kutoka hapo. Kenya ilikuwa na miezi michache tu tangu ijitawale. Jukwaa la pili, kubwa zaidi, lilipatikana kutoka jeshi la Marekani, likarekebishwa katika bandari ya La Spezia, likakokotwa mpaka Ungwana mwaka 1966. Hilo ndilo San Marco lenyewe, la kurushia, na Santa Rita ikawa pa wasimamizi, nyaya zikipita chini ya maji kati ya majukwaa hayo mawili. Bahari iwe pwaa au bamvua, roketi ilisimama juu ya miguu ya chuma iliyokita mchangani.

Kabla ya hapo, tarehe 15 Desemba 1964, Broglio aliwapeleka watu wake Marekani, kisiwa cha Wallops, nao wenyewe kwa mikono yao wakairusha setilaiti ya San Marco 1. Ilikuwa mara ya kwanza kwa watu wa nchi isiyokuwa Urusi wala Marekani kusimamia urushaji wa setilaiti yao. Kisha tarehe 26 Aprili 1967 ikawa zamu ya Ungwana. San Marco 2 ilipanda kutoka baharini kwetu ikaingia katika njia ya Ikweta. Hakuna setilaiti iliyopata kurushwa kutoka jukwaa la baharini kabla ya siku hiyo.

Na ndani ya tufe lile kulikuwa na nini? Hapa naomba tena subira ya msomaji, kwa sababu hiki ndicho kilichokuwa cha Broglio mwenyewe, kilichotoka kichwani mwake. Ilikuwa mizani.

Watu hudhani kwamba huko juu hamna hewa kabisa. Hewa ipo. Ni nyembamba mno, mtu hawezi kuivuta wala kuihisi, lakini chombo kinachokwenda kilomita 7 na zaidi kwa sekunde kinaipiga, nayo inakirudisha nyuma. Broglio alitengeneza tufe mbili, moja ndani ya nyingine. Ya nje ilikuwa ganda jepesi, kipenyo cha sentimita 66. Ya ndani ilikuwa nzito, imebeba mitambo. Kati yake mlikuwa na springi laini. Hewa ilipolisukuma ganda la nje, ganda lilisogea kidogo sana kwa kulinganishwa na uzito wa ndani, na kule kusogea kukapimwa na kuletwa ardhini kwa redio. Mchuuzi wa samaki anapotundika changu kwenye mizani ya springi pale Malindi, anafanya jambo hilo hilo, ila yeye ana changu mkononi, na Broglio alikuwa akipima kitu ambacho karibu si kitu. Wataalamu waliiita mizani ya Broglio, na jina hilo limebaki.

Faida yake ni ipi? Ni saa tena. Hewa ile ikikisukuma chombo, chombo hushuka. Kikishuka, njia yake inafupika, nacho kinazunguka upesi zaidi. Kinyume na akili ya barabarani, hewa inayokizuia ndiyo inayokifanya kiwahi. Kila mzunguko kinafika mapema kidogo kuliko uliotangulia. Aliyeandika ratiba yake ya leo kwa hesabu za wiki iliyopita atakuta chombo kimeshapita. Na hewa yenyewe haikai hali moja: jua likichafuka inatanuka na kupanda, usiku inasinyaa, na hapo juu ya Ikweta ina tabia zake. Anayetaka kukutana na chombo angani bila kuijua hewa hiyo ni kama nahodha anayeijua nyota lakini haujui mkondo.

Nilimwuliza mjukuu wangu kama katika mchezo wake kuna jambo hilo. Hamna. Katika ile sayari ya kompyuta hewa inakwisha ghafla kwenye kilomita 70, na juu ya hapo ni utupu mtupu. Chombo ukikiacha kwenye kilomita 100, utakikuta miaka mia baadaye palepale, dakika ile ile. Siulaumu mchezo, umemfundisha kijana mambo ambayo mimi nilisomeshwa kwa fimbo na sikuyapata. Lakini niliona raha kumweleza kwamba kipande kile ambacho watungaji walikiacha nje, Mtaliani mmoja alikaa miaka zaidi ya 20 akikipima kutoka pwani ya babu zake.

Maana hakupima mara moja. San Marco 3 ilirushwa kutoka Ungwana tarehe 24 Aprili 1971, na San Marco 4 tarehe 18 Februari 1974, zote na mizani ndani. Katika miaka hiyo, Wamarekani na Waingereza walikuja na setilaiti zao, maana walikwishaona faida ya mahali pale. Iliyopata sifa kuliko zote ilipanda tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, Kenya ikitimiza miaka 7 ya kujitawala. Bibi Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo upande wa Marekani, akaipa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa ajili ya kutazama miale ya eksirei itokayo kwenye nyota, miale ambayo hewa ya dunia haiipitishi. Kabla yake vyanzo vya miale hiyo vilivyojulikana vilikuwa vichache. Orodha ya mwisho iliyotokana na Uhuru ilikuwa na 339. Ni Uhuru iliyosaidia kuonyesha kwamba kwenye kundi la nyota la Cygnus kuna kitu kizito kisichoonekana, ambacho leo wanafalaki wanakubaliana kuwa ni shimo jeusi. Mkuu wa wanasayansi wake, Riccardo Giacconi, ambaye naye ni mzaliwa wa Italia, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Jina la Kiswahili limo katika kila kitabu cha falaki kinachoeleza habari hizo, na wengi wanaolisoma huko Ulaya hawajui kwamba safari ilianzia Ungwana.

Jumla, setilaiti 9 ziliondoka katika jukwaa lile kati ya 1967 na 1988. Ya mwisho ilikuwa San Marco ya tano, tarehe 25 Machi 1988, mizani ile ikiwa ndani tena. Broglio alikuwa na miaka 76. Baada ya hapo hakuna setilaiti nyingine iliyorushwa kutoka hapo. Yeye alitaka roketi mpya, yenye nguvu kuliko Scout, iletwe Ungwana, akaihangaikia kwa miaka, lakini Italia ilikuwa imeshaelekeza fedha zake kwenye miradi ya pamoja ya nchi za Ulaya, ambazo zilikuwa na uwanja wao huko Kourou, Amerika ya Kusini, nao pia karibu na Ikweta. Scout yenyewe ilirushwa mara ya mwisho mwaka 1994, Marekani. Majukwaa yakabaki na chumvi na ndege wa baharini. Kituo cha nchi kavu, chenye madishi ya kusikiliza setilaiti zinazopita, hakikufungwa.

Mimi kama mtu wa pwani nina neno hapa, na msomaji ataniwia radhi. Kwa miaka mingi sisi tulitoa mahali. Mahali, kama nilivyoeleza, si kitu kidogo. Ndiyo iliyokuwa nusu ya roketi ya Broglio, na hakuna kiwanda duniani kinachoweza kuitengeneza. Lakini vijana wetu waliojifunza hesabu yenyewe, hii ya dakika na digrii, walikuwa wachache kuliko walivyostahili kuwa. Sisemi kwamba ni kosa la mzee huyo; alikuwa mhandisi, si serikali, na alifundisha maisha yake yote. Mwaka 2016 Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya juu ya kituo, na habari za mafunzo kwa Wakenya zimo ndani yake. Ilikuwa zimepita miaka 52 tangu roketi ya kwanza.

Broglio alifariki Roma tarehe 14 Januari 2001, akiwa na miaka 89. Kituo cha Ngomeni kikapewa jina lake, na nyota moja ndogo kati ya zile zinazozunguka jua baina ya Mirihi na Mushtari inaitwa Broglio.

Miaka 17 baada ya kifo chake, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na chuo kile kile cha Roma alichosoma na kufundisha yeye, wakatengeneza setilaiti ya kwanza ya Kenya, kijisanduku cha kushikika kwa mikono miwili, kilichoitwa 1KUNS-PF. Hakikuondokea Ungwana. Kilikuwa kinakwenda kwenye kituo cha kimataifa cha angani, ambacho njia yake imelala kwa mshazari wa digrii 51 na zaidi, kwa hiyo ilibidi kingoje Florida mpaka uwanja ubebwe na dunia ufike chini ya pete. Tarehe 2 Aprili 2018 kilirushwa ndani ya chombo cha Dragon kwa wakati uliopangwa kwa sekunde, na siku mbili baadaye Dragon ikakifikia kituo. Tarehe 11 Mei 2018 kijisanduku kikaachiwa kielee peke yake, kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, ndani ya hewa ile ile nyembamba. Hewa ikakisukuma. Kikashuka kidogo kidogo, kila siku kikiuwahi mzunguko wake kuliko jana, mpaka mwaka 2020 kikaingia katika hewa nzito kikaungua.